Onimusha inarudi, ushauri wangu kwa wanaoisubiri

Wakuu habari zenu. Hii gemu ya Onimusha: Way of the Sword, toleo jipya la zile gemu za samurai wanaopigana na mapepo, nina imani nayo kubwa sana, na nasema hivyo mimi ambaye siku hizi nikiona treila kali huwa naifunga naendelea na mambo yangu. Capcom, kampuni ya Japani inayozitengeneza, waliitangaza Desemba 2024, wakasema itatoka 2026, halafu mwaka 2025 ndo ikajulikana kwamba mhusika mkuu, Miyamoto Musashi, yule samurai maarufu wa kweli wa Japani, amepewa sura ya mwigizaji Toshiro Mifune. Aisee nilisimama. Mifune amefariki tangu 1997, na hawajamchukua kwa vile jina lake ni kubwa tu, huyu mzee alishamcheza huyo huyo Musashi kwenye filamu tatu za mwongozaji Hiroshi Inagaki kati ya 1954 na 1956, ile ya kwanza ikapewa mpaka Oscar. Yaani uso umerudi kwa mwenyewe.

Sasa niwaambie kwanini nina imani, maana sura nzuri peke yake haitengenezi gemu.

Onimusha ya kwanza ilitoka 2001 kwenye PS2, mimi nikaikuta kwenye banda la gemu mtaani kwetu. Tulikuwa tunalipia kwa dakika, na ukilipia kwa dakika unabonyeza haraka haraka maana hela inaenda, kwahiyo kila pepo likija mbele yangu napiga napiga napiga tu, na kila siku nakufa palepale. Kulikuwa na kaka mmoja mkubwa kwetu, yeye akishika padi anatulia kabisa, pepo linakuja, linanyanyua silaha, sisi nyuma tunapiga kelele piga piga, yeye katulia, mpaka ile silaha inakaribia kumgusa ndo anabonyeza mara moja tu. Pepo chini. Akaniambia, "dogo, usimfate, muache aje." Ile inaitwa issen, na ndio roho ya Onimusha, ukiwahi kidogo hupati na ukichelewa kidogo umekufa wewe.

Miaka mingi baadae nikaja kuangalia Sanjuro, filamu ya samurai ya mwongozaji Akira Kurosawa, ya 1962. Mwishoni kuna watu wawili, Mifune na Tatsuya Nakadai, wanasimama karibu karibu wanaangaliana, hakuna muziki, hakuna maneno, wanasimama tu mpaka wewe unayeangalia unasahau kupumua, halafu pigo moja na imeisha. Nikamkumbuka yule kaka wa bandani hapo hapo. Nikaelewa kwamba ile issen haikutoka hewani, waliotengeneza gemu walikuwa wameziangalia sana zile filamu mpaka wakajua kwamba pambano la samurai lenyewe ni ule muda kabla ya pigo.

Ndo maana nikiangalia walichoonyesha mpaka sasa roho yangu inatulia. Issen ipo. Kupangua silaha ya adui kwa wakati sahihi kupo. Sasaki Ganryu yupo kama mpinzani wa Musashi, na ukijua kwamba hawa wawili inasimuliwa walipambana kweli kisiwani mwaka 1612 unaona kabisa kwamba hawa watu wanajua wanachokigusa. Mji ni Kyoto mwanzoni mwa enzi ya Edo, yaani Japani ya karne ya 17, hekalu la Kiyomizu-dera limejaa mapepo yanayoitwa Genma, na gari linalobeba yote hayo ni RE Engine, programu ya Capcom ya kutengenezea gemu, ile ile ya Resident Evil 4 ya 2023 ambayo wengi wetu tumeicheza na tunajua uwezo wake. Toleo kubwa la mwisho la Onimusha kabla ya hii, Dawn of Dreams, lilitoka 2006, kwahiyo hawa jamaa hawakukimbilia kurudi.

Ushauri wangu sasa. Kabla haijatoka angalia filamu, na usianzie Seven Samurai, nayo ya Kurosawa na Mifune, japo kila mtu atakwambia uanzie hapo. Ni filamu kubwa kweli, ila ina dakika 207 na kama hujazoea filamu za zamani za nyeusi na nyeupe utaiacha njiani halafu hutarudi tena. Anza na Sanjuro, ni dakika 96 tu. Ukiipenda nenda Yojimbo ya 1961, mwangalie Mifune anavyotembea, anavyokuna shingo na kutikisa mabega, mwili wote unaongea, halafu ndo uitafutie Seven Samurai Jumapili moja isiyo na kazi. Simu weka mbali. Hizi filamu ukiziangalia huku unachati huoni kitu, maana kitu chenyewe ni ukimya.

Pia cheza ile ya 2001, iliboreshwa ikatolewa tena 2019, na ya pili nayo ikatolewa hivyo hivyo 2025, haziitaji kompyuta kubwa na subiri ofa maana huwa zinashuka bei. Lengo sio kumaliza tu, lengo ni kuzoesha mkono kusubiri. Mimi nilianza tena mwezi uliopita, nikajiwekea kwamba sipigi mpaka adui aanze yeye, siku mbili za kwanza nilikufa sana lakini wiki ya pili mkono ukaanza kujua wenyewe.

Hela usiilipe kabla haijatoka. Niliwahi kulipia gemu moja kubwa miezi mitatu kabla, ikaja inakwama kwama na kujizima, iliniuma sana maana ilikuwa hela ya kujinyima. Imani ninayo, ila hela yangu naiweka elfu tano tano kila wiki, ikitoka nitasubiri siku mbili tatu nisikie wenye mashine kama yangu wanasemaje, halafu nanunua. Na kama bado una PS4 anza kujipanga mapema, hii inakuja PS5, Xbox Series na PC tu.

Jumamosi hii mpwa wangu anakuja nyumbani, ana miaka 15 na hajawahi kuona filamu ya samurai hata moja. Nimeshamwambia tunaanza na Sanjuro, na kwenye lile pambano la mwisho asiniulize kitu chochote mpaka upanga utoke.