Usinunue bolti kabla ya kusoma kichwa chake

Wateja wengi hufika gerejini kwetu Changamwe na bolti mkononi, wakitaka "nyingine kama hii." Huwa wamepima unene na urefu, basi. Mimi huchukua kitambaa chenye dizeli, nakifuta kichwa cha ile bolti, halafu naigeuzageuza kwenye mwanga mpaka namba iliyofichwa na grisi ionekane. Bila namba hiyo hatujajua tunakwenda kununua nini.

Kuisoma ni rahisi. Chukua 8.8. Namba iliyo kabla ya nukta zidisha kwa 100: chuma hicho hukatika kikivutwa kwa nyutoni 800 kwa kila milimita ya mraba. Iliyo baada ya nukta hukwambia ni sehemu ngapi katika 10 za nguvu hiyo bolti itahimili kabla ya kurefuka na kutorudi tena. Hapo ni 640. Kwa 4.6 unapata 400 na 240, kwa 10.9 unapata 1,000 na 900. Weka mezani M12 mbili (bolti za unene wa milimita 12), ya 4.6 na ya 8.8, huwezi kuzitofautisha kwa macho. Lakini moja hukatika kwa mvuto wa tani 3.4 hivi, nyingine kwa tani 6.8.

Kwenye magari ya Kijapani utakuta tarakimu moja tu, kama 7 au 9. Hiyo 7 ni takriban kilo 70 kwa milimita ya mraba, yaani nyutoni 690 hivi, kwa hiyo iko chini kidogo ya 8.8. Bolti za inchi huwa na mistari kichwani badala ya namba: 3 inakaribia 8.8, 6 inakaribia 10.9. Na tafadhali, usilazimishe nati ya nusu inchi kwenye M12. Itaingia, itazunguka, na haitashika kitu.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma. Kuna dhana mitaani kwamba ukiwa na shaka, weka 12.9 ulale usingizi. Sikubaliani nayo kabisa. Chuma kigumu namna hiyo hakina subira. Bolti ya 8.8 ikizidiwa huvutika kwanza, shingo ikawa nyembamba, na fundi mwenye macho akaiona. Ya 12.9 inaweza kukatika ghafla, hasa ikiwa imepakwa zinki kwa umeme bila kuangaliwa vizuri, kwa sababu hidrojeni huingia ndani ya chuma na kukipasua polepole. Ongeza chumvi ya hewa yetu na kutu yake, hatari inazidi. Trela lililojaa kontena likipanda Mazeras lina matatu na bodaboda nyuma yake. Hao ndio ninaowafikiria ninapoikaza.

Kwa hiyo kwa fremu, springi na vishikio vya injini, 8.8 hutosha mara nyingi. Panda hadi 10.9 pale tu mtengenezaji alipoiweka, na hapo usishuke. Kwa mbao, meza na mageti madogo, 4.6 au 4.8 inatosha, mbao itabonyea kabla bolti haijachoka.

Nati ndiyo inayosahaulika. Bolti ya 8.8 hutaka nati yenye 8, ya 10.9 hutaka nati yenye 10. Ukiweka nati laini, thredi zake zitachunika ndani kidogo kidogo, mahali usipoweza kuona. Bolti ikikatika, angalau unajua siku hiyo hiyo.

Wenye boti Mtwapa na nyumba za ufuoni Nyali wana hesabu yao tofauti. Stenlesi ya A2-70 huanza kufanya madoa ya kahawia karibu na bahari. A4, aina nyingine ya stenlesi, ina madini ya molibdeni ndani yake na huvumilia maji ya chumvi vizuri zaidi. Ila usidhani A2-70 ni sawa na 8.8: yenyewe huanza kurefuka kwa 450, si 640. Paka grisi maalumu kwenye thredi na uikaze taratibu, maana stenlesi kwa stenlesi hung'ang'aniana mpaka ukate kwa grenda.

Mwisho, kagua kama kichwani kuna alama ya kiwanda kando ya namba. Kiwango cha kimataifa cha ISO 898-1 kinataka zote mbili. Kuna duka liliniuzia pakiti nzima zilizoandikwa 8.8 pekee, bila alama ya aliyezitengeneza, zikawa zinarefuka kwenye spana ya kupimia kabla hazijafika nusu ya mkazo wake. Nilizirudisha. Siku hizi nikikosa alama hiyo nairudisha bolti kaunta hata kama bei ni nusu, na mteja namwonyesha kwa nini kabla hajalipa.