Mama kachanjwa, usiku homa, sukari ikapaa

SWALI: Dokta shikamoo. Mama yangu ana miaka 58, ana kisukari na anachoma insulini asubuhi na jioni. Mwaka huu anaenda Hijja, akachomwa chanjo ya homa ya uti wa mgongo, usiku mwili ukawa wa moto 38.3, mashine ya sukari ikasoma 16 na yeye kawaida hucheza 8 au 9. Shangazi akasema hajala basi asichome. Kesho yake kaka akaona isiwe tabu, akamuongezea yuniti za insulini. Alfajiri tukamkuta kaloa jasho, wa baridi, anatetemeka, shangazi akasema homa inatoka tukamfunika blanketi. Sasa bado chanjo ya mafua, mama kagoma. Tufanyeje? Msomaji, Tanga.

JIBU: Marahaba. Hiyo alfajiri ndo imenitisha kuliko homa yenyewe! Mtu wa insulini akitoka jasho la baridi na kutetemeka, blanketi baadaye, kwanza mashine, maana hapo sukari inawezekana imeshuka. Ikiwa chini ya 4 mpeni sukari vijiko vitatu vya chai kwenye maji, au nusu glasi ya soda (ile ya sukari, sio zero), subirini dakika 15 mpime tena, ikiwa bado rudieni, ikipanda ale kitu hata uji. Kama mashine haipo karibu mpeni tu. Akiwa hajitambui msimtie chochote mdomoni, mkimbizeni hospitali.

Homa baada ya chanjo ni kawaida, siku moja au mbili, anameza paracetamol na maji mengi. Sukari inapanda kwa sababu mwili ukipambana unamwaga homoni zinazoliambia ini litoe sukari, kwa hiyo hata asipokula inapanda, na hapo ndo shangazi alipokosea, ingawa simlaumu, wengi wanafanya hivyo hivyo. Insulini haiachwi kienyeji na wala haiongezwi kwa kukisia kama alivyofanya kaka, pigeni simu kliniki yake wawape dozi, na mpimeni kila baada ya saa nne hivi, usiku pia. Akianza kutapika au kuhema haraka haraka msingoje asubuhi. Na homa ikizidi siku mbili msiisingizie chanjo, kampimeni malaria na mkojo, mkague na nyayo kama kuna kidonda.

Ya mafua achanje. Kule Hijja watu wamebanana zaidi ya milioni, na mafua yenyewe yakimshika yatamvuruga sukari siku nyingi kuliko hiyo homa ya usiku mmoja. Mngoje tu sukari itulie, achanjwe siku ambayo kuna mtu wa kulala naye chumba kimoja na stripu za kupimia zipo za kutosha. Na jamani insulini aibebe kwenye begi la mkononi, sio kwenye sanduku linaloenda chini ya ndege, huko inaweza kuganda, na ikishaganda ni ya kutupa.