Kibodi ya Kijerumani kwa Mwandishi wa Kiswahili

SWALI: Mimi ni katibu muhtasi jijini Mwanza. Nimenunua kompyuta mpakato iliyotumika, ambayo muuzaji alisema imetoka Ujerumani. Mashine ni nzima, ila kibodi yake inanitesa: Y na Z zimebadilishana nafasi, na ritifaa ya kuandikia “ng'ombe” haipo mahali nilipoizoea. Kwa kuwa huchapa bila kutazama vitufe, barua zangu zimejaa makosa. Fundi mmoja anataka ninunue kibodi nyingine. Mwenzake anasema hakuna haja. Nimsikilize nani?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Anza na huyo wa pili. Kompyuta haijui kilichochapishwa juu ya kitufe; kila kitufe hupeleka namba ya mahali kilipo tu, na mfumo endeshi ndio unaoamua namba hiyo iwe herufi gani. Kwa hiyo, ikiwa unatumia Windows, fungua mipangilio, ingia sehemu ya saa na lugha, ongeza kibodi ya Kiingereza cha Marekani, kisha uiondoe ya Kijerumani. Usiziache zote mbili, kwa sababu ukigusa kitufe cha Windows pamoja na kile cha nafasi, utajikuta umerudi Ujerumani katikati ya sentensi. Chagua pia ile ya Marekani ya kawaida, si ile iitwayo ya kimataifa, ambayo huishika ritifaa ikisubiri irabu ifuate, hata “ng'ombe” akatoka “ngómbe”.

Usichelewe kufanya hivyo. Wajerumani hawaitumii Y mara nyingi, lakini sisi hatumalizi mstari bila Y wala Z, na kosa lenyewe hujificha. Ukikusudia kuandika “nyumba yake” utapata “nzumba zake”. Programu ya kusahihisha tahajia italipigia mstari neno la kwanza, nawe utalirekebisha, huku “zake” ikipita salama kwa kuwa nayo ni Kiswahili sahihi. Katika hati ya mauziano, nyumba moja itakuwa imezaa nyingine. Wenzetu wa Burundi na Kongo waliozoea AZERTY, mpangilio wa kibodi wa Kifaransa, hupata usumbufu wa aina nyingine, kwani kwao A, ambayo Kiswahili huitumia kuliko herufi yoyote, imepandishwa safu ya juu kwenye nafasi ya Q, lakini wakikosea pale, neno huharibika waziwazi na jicho huliona.

Fundi wa kwanza atakuwa na hoja iwapo mashine hiyo inatumiwa na watu wengine ofisini, ambao hutafuta herufi kwa macho. Hata hapo, jaribu kwanza stika za herufi, ingawa zile za bei ya chini hufutika upesi, au uchomeke kibodi ya nje ya USB, ambayo kwa mtu wa kuchapa kutwa mimi naipendelea kuliko yoyote iliyojengewa ndani. Kung'oa Y na Z ili kuzibadilishana nafasi sikushauri, maana vishikio vya vitufe vya kompyuta mpakato ni vyembamba na huvunjika.

Ukiamua kubadilisha kibodi ya ndani, mpe fundi namba kamili ya modeli iliyoandikwa chini ya mashine, na umuulize kama kibodi yake imefungwa kwa skrubu au imegandishwa kwenye kava la juu, kwani aina hii ya pili hulazimu mara nyingi kununua kava zima. Tazama pia umbo la Enter. Kibodi nyingi za Ulaya zina Enter ndefu inayoshuka safu mbili, ilhali ya Marekani ni pana na imelala katika safu moja, hivyo kibodi ya Marekani huenda isiingie katika matundu ya kava lako. Agiza ya Uingereza, ambayo ina umbo kama la Kijerumani, kisha uweke mpangilio wa Uingereza katika Windows. Usipofanya hivyo, utabonyeza @ na kupata alama ya kunukuu.