Ya pikapu au ya gari dogo? Ijue injini kabla hujanunua spea

Wadogo zangu, jamani! Injini imeshushwa, imeoshwa, imepakwa rangi inang'aa, ndipo mtu anauliza, "Hivi hii ilikuwa ya pikapu au ya Camaro?" Swali hilo huulizwa siku ya kwanza, injini ikiwa bado na matope yake na vifaa vyote vya mbele viko mahali pake. Nazungumzia V8 za Chevrolet za jamii ya LS, kizazi cha tatu: LS1 ya lita 5.7 iliyoanza na Corvette ya 1997 (Corvette na Camaro ni magari madogo ya michezo ya Chevrolet), na ndugu zake wa pikapu wa 4.8, 5.3 na 6.0.

1. Anza na sumaku. Bloku la LS1 ni alumini, la pikapu kwa kawaida ni chuma. Lakini sumaku isiposhika usikimbilie kutangaza LS1, kwa sababu L33 ni 5.3 ya pikapu na bloku lake ni alumini pia. Soma ujazo uliochomoza kwenye bloku lenyewe. Namba ya chesisi ikiwepo, tazama nafasi ya 8: G ni LS1, V ni LR4 ya 4.8, T ni LM7 ya 5.3, B ni L33, U ni LQ4 na N ni LQ9, zote mbili za 6.0.

2. Manifoldi ya hewa haithibitishi kitu. Ya pikapu ni ndefu kwenda juu, ya gari dogo ni fupi, sawa. Ila ni bolti 10 tu, na mtu yeyote anaweza kuwa ameshaibadilisha.

3. Puli ya kranki (shafti kuu ya injini). Hapa ndipo mnapolia, basi tulieni. Injini hizi zina mipangilio mitatu ya mkanda. Wa Corvette uko karibu zaidi na bloku. Wa Camaro umetoka mbele yake kwa takriban milimita 19. Wa pikapu umetoka mbele ya huo wa Corvette kwa takriban milimita 38. Kwa macho, puli zinafanana, na kila moja inaingia kwenye kranki bila ubishi. Kijana anabakiza puli ya pikapu, anafunga alternata na breketi za Camaro, kila bolti inashika, anafurahi. Kisha anavalisha mkanda. Mkanda wa mbavu 6 una upana wa milimita 21 hivi, kwa hiyo kupishana kwa milimita 19 ni karibu mkanda mzima! Hapo zinaanza washa: tatu nyuma ya breketi, kisha tano, kisha bolti ndefu zaidi. Breketi iliyosukumwa mbele kwa washa inayumba, alternata inakaa upande, mkanda unapiga kelele, unachanika ubavu mmoja mmoja, mwisho unaruka. Pampu ya maji inazungushwa na mkanda huohuo, kwa hiyo injini inachemka.

Dawa ni kuvua puli, na si kazi ya nyundo. Puli hii haina ufunguo wa kuizuia kwenye kranki. Inashikwa na mbano wake na bolti peke yake. Ivute kwa pula ya miguu mitatu. Kurudisha, iingize kwa kifaa cha kusukumia, ikaze kwa bolti ya zamani hadi 330 Nm, itoe bolti hiyo, weka mpya, kaza 50 Nm halafu zungusha digrii 140. Bolti ya zamani imeshavutika, msiiache humo. Na tafadhali: puli, pampu ya maji, alternata na breketi vitoke kwenye injini moja.

4. Silinda hedi. Soma tarakimu 3 za mwisho za namba iliyochomoza kwenye kona. 706 na 862 ni za 4.8 na 5.3, chemba yake ya kuchomea mafuta ni cc 61 hivi. 241 ni ya LS1, cc 67. 317 ni ya 6.0, cc 71. Ukifunga 317 kwenye 5.3 ya LM7 kwa kuwa "ni kubwa zaidi", mgandamizo unashuka kutoka 9.5:1 hadi karibu 8.5:1, na gari linakuwa zito kuondoka.

5. Sampu (bakuli la oili chini ya injini) ya pikapu ina kina na itagonga fremu ya gari dogo. Ukibadilisha, badilisha na bomba la kufyonza oili pamoja na kijiti cha kupimia. Oringi ya bomba hilo iwe mpya na ya saizi yake. Ikipwaya, pampu inafyonza hewa na presha ya oili inaanguka.

6. Bloku la chuma la 4.8 na la 5.3 ni moja, kipenyo cha silinda ni milimita 96 kwa zote. Tofauti ni mwendo wa pistoni: 83 dhidi ya 92. Toa plagi, mulika ndani. Pistoni ya LR4 ni bapa, ya LM7 ina bakuli. Ukishaona, andika kwa rangi juu ya bloku kabla mwenzako hajaanza kuosha.