Shangazi, shule inasema binti yangu ni mvivu

Shangazi, salamu. Nina msichana wa gredi ya 5 na mvulana wa gredi ya 2. Mtaalamu mmoja tuliyemlipa alimpima msichana akasema ana disleksia, shida ya kusoma na kuandika, na mdogo naye ameanza dalili zile zile. Mwalimu mkuu aliipitia ripoti nikiwa nimesimama, akanirudishia, akasema hawana mwalimu wa watoto wa aina hiyo. Kiswahili binti anasoma polepole lakini anafika. Mwalimu wa Kiingereza humsimamisha mbele ya wenzake asome mpaka alie. Baba yao, ambaye hata barua za benki hunipa mimi nimsomee, anasema ni uvivu tu. Nimechoka kubisha ofisi ile. Niwahamishe?
Mama wa Wawili, Nakuru

Mama wa Wawili, pole, lakini usiwahamishe kwanza. Utalipa sare mpya, kisha uanze kueleza upya kwa mwalimu mkuu mwingine.

Hilo la Kiswahili kufika na Kiingereza kukwama ndilo la kumpelekea mwalimu. Disleksia si ugonjwa wa macho wala upungufu wa akili. Mtoto hupata taabu kuunganisha herufi na sauti yake. Kiswahili humhurumia kidogo, maana "ba" ni "ba" popote uikutapo. Kiingereza herufi zile zile leo zina sauti hii, kesho ile. Sasa mwalimu akiona mtoto anasoma Kiswahili, anadhani Kiingereza anakikataa makusudi. Na kumliza mtoto mbele ya darasa si malezi: Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza adhabu ya kudhalilisha, iwe ya mwili au ya akili. Usianze na sheria lakini. Iweke mkobani.

Nionavyo, umekuwa ukiomba "msaada", na mwalimu mkuu akisikia neno hilo anaona mshahara wa mwalimu ambaye hajaletewa. Omba yasiyogharimu hata shilingi. Binti asisomeshwe kwa sauti bila kutaka mwenyewe. Sayansi aulizwe kwa mdomo. Asinakili ubao mzima, aazime daftari la jirani yake au apewe nakala. Tahajia isimpunguzie alama katika somo lisilo la lugha. Yaandike kwa barua, ukurasa mmoja, nakala yako igongwe muhuri. Maneno ya ofisini husahaulika. Barua yenye muhuri hujibiwa, hata kwa kununa.

Kisha wapeleke wote wawili EARC, vituo vya serikali vya kutathmini watoto, vilivyoanza 1984. Ofisi ya elimu ya kaunti ndogo itakuelekeza kilicho karibu. Ripoti yako ya kulipia si mbaya, ila karatasi ya serikali ina uzito wake mezani pa mwalimu mkuu. Tena mwakani binti ana KPSEA, mtihani wa kitaifa wa gredi ya 6. Baraza la mitihani, KNEC, huongezea muda watahiniwa wenye mahitaji maalum, lakini ombi hupitia shuleni na huhitaji tathmini. Ukingoja hadi gredi ya 6 unaweza kukuta usajili umekwisha.

Mdogo ana bahati ya kugunduliwa mapema. Sauti za herufi chache kila siku, dakika kidogo, kwa mchezo, arudie mpaka zikae ndipo uongeze nyingine. Tuisheni ya jioni inayorudia somo lile lile kwa kelele zaidi, hapana. Huo ni wizi wa usingizi wa mtoto.

Kuhusu baba yao, simpimi mtu kwa barua, ila hali hii mara nyingi hutembea katika ukoo. Mwombe afuatane nanyi EARC, na usimwambie anaenda kupimwa yeye. Huko huulizwa habari za familia, na ataongea na mtu asiye mkewe. Huenda akakumbuka viboko alivyokula kwa kosa hilo hilo.

Barua ipeleke muhula ukiwa mchanga. Wiki ya mitihani hakuna mwalimu atakayekusikiliza.