Mwanangu ana usonji, tarehe ya operesheni imekaribia na mimi ndo naogopa kuliko yeye

Swali: Shikamoo dada. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Mbagala. Huyu mdogo ana miaka 6, ana usonji, maneno anayosema ni manne matano hivi ila kuelewa anaelewa vitu vingi tu. Sasa ana shida ya tonsesi na nyama za puani, usiku anakoroma mpaka pumzi inakata halafu anashtuka, daktari kasema lazima afanyiwe operesheni na tumepewa tarehe, wiki tatu kuanzia leo. Tatizo ni kwamba mwaka jana alivyopelekwa kutoa damu walimshika watu wanne, akajigonga kichwa ukutani, akamng'ata nesi, na tangu hapo akimwona mtu kavaa koti jeupe anajikojolea palepale, hata yule muuza nyama wa buchani kwetu hawezi kupita mbele yake. Kwenye foleni watu wananiambia mtoto kadekezwa, mama mkwe anasema ni mashetani, apelekwe kwenye maombi kwanza. Nawaza hata niahirishe. Nifanyeje? Mama wa Wawili, Mbagala.

Jibu: Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Usiahirishe kwa sababu ya woga. Mtoto anayekatika pumzi usiku halali vizuri, na asipolala usiku, mchana kila kitu kinamuudhi maradufu, kelele, mwanga, hata nguo mwilini. Wiki tatu zinatosha, ila uanze leo.

Binti yangu sa hivi ana miaka 13, nae ana usonji. Alipokuwa na miaka 7 tulimshika hivohivo, mimi mwenyewe nikamlalia miguuni kwa sababu niliambiwa nimlalie, na ilichukua karibu mwaka mzima kabla hajakubali hata kupita nje ya duka la dawa. Najuta mpaka leo. Hakuwa mkorofi jamani. Hakujua kinachokuja wala kitaisha saa ngapi, taa za tyubu zinamchoma macho, harufu ya spiriti inamkaba, watu watano wanaongea kwa mpigo, na hana neno la kusema ngojeni kwanza, basi mwili ndo ukasema kwa mateke.

Kwa hiyo kazi ni kabla ya siku yenyewe. Wiki hii rudi hospitali peke yako, asubuhi siku ambayo hakuna msongamano, muone nesi mkuu wa wodi umweleze yaliyotokea mwaka jana bila kuona aibu. Omba vitu viwili: ruhusa ya kupiga picha sehemu atakazopita, yaani geti, mzani, kitanda, mlango wa chumba cha upasuaji (picha bila wagonjwa), na ruhusa ya kumleta mtoto siku moja aone tu, asiguswe, asichomwe, akimaliza mnaondoka kwenda kula anachokipenda. Hiyo safari ya bure bila sindano usiidharau, ndo inayomfundisha kwamba hospitali kuna siku mtu anaingia na kutoka salama.

Picha zipange kwenye simu kwa mfuatano, bajaji, geti, kitanda, barakoa (ile ya kuvutia dawa ya usingizi), kulala, mama, nyumbani, mwonyeshe kila jioni muda uleule kwa maneno yaleyale machache. Usimdanganye kwamba hataumia. Koti jeupe lianzie nyumbani, shati la baba jeupe tu, kwanza liko kwenye msumari, kesho umelishika, kesho kutwa umelivaa dakika moja mkiwa mnacheza mchezo wake, na akikataa unarudi hatua moja nyuma, wala usimlazimishe. Barakoa vilevile, anza kwa mdoli halafu wewe ndo aje yeye.

Andika karatasi moja, Uingereza wanaiita pasipoti ya hospitali na zipo hospitali wanaitumia kabisa. Jina analoitikia, anavyosema ndiyo na hapana, kinachomtisha, kinachomtuliza, na maumivu anayaonyesha vipi. Toa kopi tatu kwa sababu zamu zinabadilika.

Daktari wa usingizi ni muhimu kuliko unavyodhani, omba kuongea nae kabla. Mweleze dawa zote anazotumia, hasa kama ana za kifafa, usimwachishe mwenyewe. Mwombe mtoto awe wa kwanza kwenye orodha ya siku hiyo, maana kukaa na njaa mpaka saa nane mchana kwa mtoto aliyezoea uji saa moja ni vita. Kwa kawaida chakula na maziwa vinakatwa masaa 6 kabla ya operesheni, maji matupu masaa 2 kabla, ila fuata saa atakazokupa yeye, na nyumbani asile mtu mbele yake. Muulize kama kuna dawa ya kunywa ya kumtuliza kabla hajaingia, midazolamu hutumika sana japo kuna watoto wachache inawachangamsha badala ya kuwatuliza, kwa hiyo kama alishawahi kupewa useme ilikuwaje. Uliza pia krimu ya ganzi ya kupaka mkononi kabla ya sindano, yenye lidokeini na prilokeini, inafunikwa kwa plastiki karibu saa nzima ndo ngozi inakufa ganzi, si kila hospitali wanayo. Na plasta! Wangu kubanduliwa plasta ilikuwa mbaya kuliko sindano yenyewe, tukawa tunaomba bandeji.

Akitoka, omba uitwe kabla hajaamka ili uso wa kwanza uwe wako. Nenda na khanga unayolala nayo, isifuliwe.

Sasa hapa nisikilize kwa makini. Watoto wetu wengi hawalii maumivu kama wengine, anaweza kukaa kimya kabisa, akajing'ata mkono, akagoma kunywa, wewe ukadhani katulia. Mpe dawa ya maumivu kwa saa alizoandikiwa siku za mwanzo, usisubiri alie. Dawa za kikohozi zenye kodeini zilizobaki kabatini asipewe, tangu 2013 Marekani waliipiga marufuku kwa watoto waliotolewa tonsesi kwa sababu kuna waliokata pumzi. Muhimu zaidi ni anywe, kama anakula wali mweupe tu siku zote usimwanzishie supu mpya leo. Na ukimwona anameza mate mfululizo hata akiwa usingizini, au anatapika damu, rudi hospitali saa hiyohiyo, kidonda kinaweza kutoa damu hata baada ya wiki moja, gamba linapobanduka, na yeye hatakuambia.

Mama mkwe mwombe akae na yule mkubwa siku hiyo, maombi aombe na mwambie unashukuru. Ila asikuumize roho na habari ya malezi, hata wazungu miaka ya 1950 walisema usonji unaletwa na mama asiye na upendo, wakawatesa kina mama wengi bure, ikaja kuonekana ni uongo.

Swali: Habari dada, mimi ni nesi wodi ya watoto mkoani. Nawapenda hawa watoto ila tuko wawili zamu nzima, wodi imejaa, mambo mnayoyaandika yanataka muda. Tusaidie sisi pia.

Jibu: Asante sana kuandika, na najua hali zenu. Mengi hayali muda wowote. Aongee mtu mmoja, wengine mnyamaze. Kipimo cha joto mwonyeshe kwanza, mguse mama yake nacho, ndo umguse yeye. Ukimwambia nahesabu mpaka kumi naacha, ukifika kumi acha kweli hata kama hujamaliza, kisha uanze tena, maana ukimdanganya mara moja zamu inayofuata itamkuta hashikiki. Kama kuna kichumba cha pembeni au hata korido isiyo na watu, asubirie huko. Mama msimtoe nje, yeye ndo mkalimani wenu. Akikupa karatasi isome palepale, na ukitoka zamu umkabidhi mwenzako mkononi, isiondoke na wewe mfukoni.