Kabla Hujamsajili Mtelezaji Wako

Kila Septemba, kabla mvua za vuli hazijaanza kuosha miamba ya Mwanza, napokea maswali kutoka kwa watu wanaotaka kuingia katika mashindano yetu ya kubuni ya kuteleza kwenye theluji. Kwa asiyeyafahamu, mashindano haya huchezwa mezani: kila mshiriki humbuni mtelezaji wake, humwandikia historia na kumpangia mbinu kabla ya kila mbio, kisha mratibu hurusha dadu na kukokotoa muda wa kila mmoja hadi sehemu ya mia ya sekunde. Tunakutana Jumamosi jioni kwenye baraza moja la Kirumba, watu kumi na wawili hivi, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyewahi kukanyaga theluji. Nimeshiriki misimu minne. Msimu wa kwanza niliondolewa mwezi Januari, kwa hiyo ushauri ninaoutoa hapa nimeulipia.

Niseme kwanza kuhusu fomu, kwa sababu wageni wengi huijaza kwa haraka wakidhani ni ya kuandikisha jina tu. Kila mtelezaji mpya hupewa alama 20 za kugawa katika sifa tano, yaani kasi, mbinu ya kona, nguvu za miguu, utulivu na afya, na hakuna sifa inayoruhusiwa kuzidi alama 7. Mimi nilimpa wangu 7 za kasi, 7 za nguvu, 4 za kona, na zile mbili zilizobaki nikazigawa moja moja kwa utulivu na afya, kama mtu anayelipa deni asilolitambua. Kosa langu lilikuwa kugawa alama kabla ya kuchagua aina ya mbio. Mchezo wenyewe una mbio kuu nne, kuanzia yenye kasi zaidi hadi yenye kona nyingi zaidi: mbio za mteremko, supa-ji, slalomu kubwa na slalomu. Katika mbio za mteremko milango, yaani vijiti vyenye bendera ambavyo mtelezaji lazima avipitie, iko mbalimbali na kasi ndiyo inayotawala, ilhali katika slalomu milango imesongamana kiasi kwamba mtelezaji hubadilisha upande karibu kila sekunde, na mwenye kasi bila kona hupotea mapema. Chagua aina mbili utakazozitegemea, kisha ndipo ushike kalamu.

Sehemu ya historia ndiyo inayonifurahisha zaidi, na ndiyo inayowarudisha watu nyumbani. Kanuni yetu inataka mtelezaji awe na njia ya kuaminika iliyomfikisha kwenye theluji. Nilikuwa nimeandika kwamba wangu ni mtoto wa mvuvi wa Ukerewe aliyejifunza kwa kuteleza na kipande cha bati kwenye miamba ya Capri Point. Mratibu wetu, mwalimu mstaafu tunayemwita Mwalimu, aliisoma fomu hadi mwisho, akavua miwani, akasema, "Kijana, bati halina kona," akanirudishia. Niliona ananionea, hadi aliponieleza kuwa skii za mashindano, yaani zile mbao ndefu anazofungwa mtelezaji miguuni, zina kingo za chuma zinazouma barafu, na kwamba bila kingo hizo hakuna kona, kuna kuserereka tu.

Mtu wa pwani ya ziwa anaweza kabisa kuwa mtelezaji, na historia ya kweli inatupa ruhusa hiyo. Lamine Guèye wa Senegal alishiriki Olimpiki ya majira ya baridi ya Sarajevo mwaka 1984. Sabrina Simader, aliyezaliwa Kilifi na kuhamia Austria akiwa mtoto mdogo, aliiwakilisha Kenya katika Olimpiki ya Pyeongchang mwaka 2018. Ukiwatazama hao utaona kwamba swali si mtu ametoka wapi, bali nani alimpeleka mlimani, akiwa na umri gani, na nani alilipia vifaa. Nilipoandika upya kwamba mama wa mtelezaji wangu alipata kazi ya uuguzi Innsbruck, Austria, mtoto akiwa na miaka sita, fomu ilipita bila neno.

Sasa nije kwenye dadu, ambako msimu wangu uliangukia. Kila njia hugawanywa katika vipande vitano, na kabla ya mbio unaandika kwenye karatasi iliyokunjwa daraja la ujasiri kwa kila kipande, kuanzia 1 hadi 5. Kila daraja hupunguza sehemu kumi za mia za sekunde katika muda wako. Dadu mbili hurushwa kwa kila kipande: wa daraja la 1 huanguka zikitoa jumla ya 2 pekee, wa daraja la 2 huanguka kwa 2 au 3, na hivyo hivyo hadi wa daraja la 5, ambaye huanguka kwa jumla yoyote kuanzia 2 hadi 6. Mwenye utulivu wa alama 4 au zaidi huruhusiwa kurusha upya mara moja kwa kila mbio. Wangu, kama mnavyokumbuka, alikuwa na alama moja.

Fanyeni hesabu ambayo mimi sikuifanya. Kwa daraja la 5, matokeo 15 kati ya 36 ya dadu mbili yanakuangusha. Ukilichagua katika vipande vyote vitano, utafika chini takriban mara 7 katika mara 100. Daraja la 3 nalo, ambalo wengi huliita la busara, hukufikisha mara mbili tu katika mara tano. Daraja la 2 hukufikisha karibu mara mbili katika tatu. Anayeijua hesabu hii huweka ujasiri katika kipande kimoja au viwili na kutulia kwingine, na ndivyo watelezaji halisi wanavyofanya.

Niliandika 5 katika vipande vyote, na njia ilikuwa Streif, ile ya mbio za mteremko ya Kitzbühel, Austria. Njia hiyo ina urefu wa mita 3,312 na inashuka mita 860. Rekodi yake ya dakika 1 na sekunde 51.58 iliwekwa na Fritz Strobl mwaka 1997. Sekunde chache tu baada ya kuanza kuna mahali paitwapo Mausefalle, yaani mtego wa panya, ambapo mwinamo hufikia asilimia 85 na mtelezaji hurushwa hewani. Dadu zilitoa 4. Mtego ulikuwa umefyatuka kabla sijamaliza kukaa sawa kwenye benchi. (Jambo moja hunichekesha hadi leo: mstari wa kumalizia pale Kitzbühel uko mita 805 juu ya usawa wa bahari, wakati uso wa Ziwa Victoria uko kwenye mita 1,134 hivi. Wauza dagaa wa Kirumba wako juu kuliko bingwa anayepokea kombe.)

Kuanguka kwenyewe hakukunigharimu kitu zaidi ya mbio moja. Kilichonigharimu ni masimulizi. Baada ya kila mbio mshiriki huandika ukurasa mmoja wa kilichotokea, na kanuni inasema matokeo ya dadu hayabadilishwi kwa kalamu. Mimi niliandika kwamba mtelezaji wangu aliinuka na kumaliza huku umati ukimshangilia, nikapewa onyo la kwanza. Wiki iliyofuata, kwenye slalomu ya usiku ya Schladming, pia Austria, nilianguka tena, na safari hii nikaandika kwamba mtelezaji wa dada mmoja aliyeketi mkabala nami ndiye aliyelegeza vifungo vya skii zangu. Sikumwomba ruhusa. Alikuwa amemlea mhusika wake kwa misimu miwili kama mtu asiyejua hila, na mimi nilimfanya mwizi kwa sentensi moja. Maonyo mawili humwondoa mtu. Nilikasirika njia nzima hadi nyumbani Nyegezi, lakini leo mimi ndiye ninayeitetea kanuni hiyo kwa sauti kubwa kuliko wote: mhusika wa mwenzako usimguse bila idhini yake, hata kwa kumsifu.

Kuhusu alama za msimu, tunafuata jedwali la Kombe la Dunia la kuteleza kwenye theluji: wa kwanza hupata 100, wa pili 80, wa tatu 60, wa nne 50, wa tano 45, zikishuka hadi 1 kwa wa thelathini. Mtu anayeshinda mara mbili na kuanguka mara tatu ana alama 200. Anayeshika nafasi ya nne mara tano ana 250, wala hakuna aliyemwona akipita. Ndivyo nilivyomaliza wa tatu msimu uliopita.

Katika slalomu na slalomu kubwa kuna mizunguko miwili, na wageni huchanganyikiwa hapo. Kwenye mashindano halisi, 30 bora wa mzunguko wa kwanza hurudi kwa mpangilio wa kinyume: wa thelathini hutangulia na anayeongoza hushuka mwisho, juu ya njia iliyokwisha kuchimbika kwa skii za wengine. Sisi tunageuza orodha yote, na wanne wa mwisho kushuka hupunguziwa alama moja ya kona. Kwa hiyo ukiongoza baada ya mzunguko wa kwanza, usiandike daraja lile lile ulilotumia mwanzo.

Mengine ni madogo. Fomu hupokelewa hadi Jumamosi ya pili ya Oktoba, saa 12 jioni, kwa kuwa tunafungua msimu na slalomu kubwa ya Sölden, Austria, kama watelezaji halisi wa Kombe la Dunia wanavyofanya mwishoni mwa mwezi huo. Ada ni mchango wa chai na maandazi. Njoo na daftari lako, penseli, na tochi, kwa sababu umeme ukikatika Mwalimu haahirishi mbio.